Amri ya Nane na Watu wa Mbali



Siku za karibuni, baada ya mafundisho ya vijana hapa Basotu, yalizuka mabishano ambayo hayakwisha jioni ile, wala hayajaisha hata sasa. Watu huyaendeleza njiani warudipo mnadani. Kijana mmoja alisema ya kuwa Wakorea huwaheshimu wazazi wao kuliko sisi, hufanya kazi kuliko sisi, tena mwanamume wao akimpenda mwanamke hamtazami mwingine. Akaulizwa, "Umewajuaje?" Akajibu, "Nimewaona." Aliwaona katika kibanda umiza, ambamo watu hutoa fedha kidogo na kukaa gizani kutazama sinema, na Wakorea wale walikuwa wakinena Kiswahili walichotiliwa vinywani na mfasiri. Mzee mmoja akamwambia anyamaze, kwa kuwa Wakorea ndio waliotukopesha fedha, wakashika bahari yetu na madini yetu kuwa rehani. Naye akaulizwa, "Umejuaje, baba?" Akajibu, "Nimesikia." Basi mmoja ameona, mwingine amesikia, na kati yao wawili hakuna aliyepata kuikanyaga nchi ile.

Ndipo mwalimu wa vijana akauliza, "Je, hapa tumevunja amri ya nane au hatujaivunja?" Wengine wakacheka. Wakasema, Amri hiyo yahusu jirani, na jirani ni yule ambaye ng'ombe wake waweza kuingia shambani mwangu, yule ambaye moshi wa jiko lake nauona asubuhi. Mkorea aliyeko Seoul halali njaa kwa neno lililosemwa Basotu, wala hashibi kwa sifa zetu. Ushuhuda wa uongo ni dhambi kwa sababu humdhuru mtu. Usipomdhuru mtu ni upuzi tu.

Neno hilo lina nguvu, wala hatutaki kulipita upesi. Amri ilipotolewa, ushuhuda ulikuwa jambo la langoni mwa mji, mbele ya wazee, na mtu aliyeshuhudiwa uongo aliweza kupoteza shamba lake au uhai wake jioni ile ile. Ni haki kuuliza kama amri hiyo yawahusu watu ambao hatutakaa nao mbele ya mzee yeyote wa baraza. Lakini tukilipima neno hilo vema, twaona ya kuwa watu wa Basotu ndio wasiofaa kabisa kulisema, maana sisi tumekwisha kushuhudiwa kutoka mbali.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 Serikali yetu, kwa msaada wa Kanada, ilianza kulima ngano katika mbuga za Hanang. Shirika la umma la NAFCO likapata mashamba saba, kila moja lapata ekari 10,000, na mojawapo likaitwa kwa jina letu. Matrekta makubwa yakaja, na mashine za kuvuna, na wataalamu. Ngano ilikuwa ngano kweli, na mkate wake uliliwa mijini. Hatusemi ya kuwa waliokuja walikuwa watu wabaya. Wengine walikuwa Wakristo wema waliowaombea watoto wetu. Lakini kabla ya trekta la kwanza lilitangulia neno, nalo ni hili: ya kuwa mbuga hizi ni tupu, majani matupu, nchi isiyotumiwa. Aliyeandika hivyo hakujiona kuwa mwongo. Alitazama mwezi wa kiangazi, asione nyumba wala shamba, akaandika alichokiona.

Barabaig wenyewe walijua vingine. Mbuga ile iliyokuwa haina ng'ombe mwezi ule ilikuwa imepumzishwa, kama vile mtu mwenye akili anavyoliacha shamba lipumzike, na mifugo ingerudi kwa majira yake. Tena ndani ya majani yale yalikuwamo makaburi. Mzee mwenye heshima akifa, Barabaig humjengea chungu kubwa ya udongo, waiitayo bung'eda, na matanga yake huendelea miezi mingi, na ukoo wote hukusanyika. Mgeni aonapo chungu ile hudhani ni kilima kidogo au kichuguu. Dereva wa trekta naye hakuambiwa. Makaburi kadha wa kadha yakalimwa pamoja na mbuga.

Watu walilalamika. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikawapa haki mwaka 1984. Lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, na katika sababu zake mojawapo ilikuwa hii, ya kuwa walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Twaomba msomaji asimame kidogo katika neno hilo. Baba zao walizikwa pale. Lakini kwa kuwa jambo hilo halikuandikwa katika karatasi ya mtu yeyote wa mbali, ilibidi walithibitishe, nao hawakuweza. Mradi wa Wakanada ulikwisha katika miaka ya 1990. Neno la kuwa mbuga ni tupu halikwisha upesi vile.

Kwa hiyo tusiseme ya kuwa neno lililonenwa mbali halimdhuru mtu. Latembea polepole, labda kwa miaka kumi, nalo hufika likiwa na jembe.

Wala tusiwalaumu wa mbali peke yao. Nchi nzima huwaita Barabaig kwa jina la Mang'ati, na wengi wadhani ndilo jina lao. Ni neno la Kimasai, maana yake ni adui. Fikiri basi: mtu anafika hospitalini, au shuleni, au hata kanisani, anaulizwa kabila lake, na karani anaandika "Adui" kwa mwandiko mzuri. Tumesikia jina hilo likitajwa katika matangazo ya ibada bila mtu kushtuka. Labda ndiyo sababu twapenda kubishana habari za Korea. Ni rahisi kuliko hiyo.

Lakini turudi Korea, maana ndiko tulikoanzia.

Yatupasa kukiri kwanza ya kuwa Wakorea waliooneshwa Tanzania wamebadilishwa mara moja, katika maisha ya mtu mmoja. Aliyesoma shule katika miaka ya 1970 aliijua Korea moja tu, nayo ni ya Kaskazini. Nchi yetu ilifanya ubalozi nayo tangu mwaka 1965. Mwalimu Nyerere alikwenda Pyongyang mwaka 1968. Huko Dakawa, Morogoro, Wakorea wa Kaskazini walisaidia kuweka kituo cha utafiti wa kilimo, nacho kikaitwa Cholima, jina la farasi mwenye mabawa katika hadithi zao. Korea ya Kusini ilitajwa kama kibaraka wa Wamarekani, basi. Ubalozi nayo ulifanywa mwaka 1992 tu. Leo Korea ni ya Kusini. Ndiyo iliyotoa mkopo wa kujenga hospitali ya Mloganzila na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2022, na treni za umeme zinazokwenda Dodoma tangu mwaka 2024 zilitengenezwa na kiwanda cha Hyundai Rotem. Ya Kaskazini nayo imekuwa dude la kutishia watoto. Hatukumbuki mtu yeyote aliyesimama mbele yetu na kusema, "Ndugu, tuliwaonyesha nusu, sasa twawaonyesha nusu nyingine." Ilibadilishwa tu, kama kitambaa cha meza, nasi tukaendelea kula.

Katika habari zote za Korea zinazosimuliwa kwetu, moja yatusumbua kuliko nyingine, kwa sababu husimuliwa na watu wema kwa nia njema. Tumeisikia kwa wanasiasa, kwa waalimu, na hata mimbarini. Nayo ni hii: mwaka 1961, tulipopata uhuru wetu, Wakorea walikuwa maskini kama sisi, sasa watazame wao, kisha mjitazame ninyi. Msemaji akimaliza hutikisa kichwa, na wasikilizaji nao hutikisa, na kila mtu hurudi kwake akijiona mvivu.

Je, ni uongo? Mwanzo wake ni kweli. Mwaka 1961 pato la mtu mmoja Korea ya Kusini halikufika dola 100 kwa mwaka. Lakini twakumbuka wale wapelelezi kumi na wawili waliotumwa na Musa kwenda Kanaani, ambao habari yao imo katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 13. Walizunguka siku arobaini. Walirudi na kichala cha zabibu kilichochukuliwa na watu wawili kwa mti, na zabibu zile zilikuwa zabibu kweli. Kisha kumi kati yao wakasema ya kuwa wenyeji ni majitu, na ya kuwa wao wenyewe walijiona kama panzi, na ndivyo walivyoonekana machoni pa majitu yale. Sasa twauliza: ni nani aliyewaambia majitu yaliwaonaje? Hawakuzungumza nayo. Walijiona panzi wao wenyewe, kisha wakawasingizia wengine kuwaona hivyo. Ushuhuda ulianza kwa zabibu za kweli ukaishia kwa panzi.

Basi habari ya mwaka 1961 ni zabibu na panzi pamoja. Yaacha mengi, na yale yaliyoachwa ndiyo Wakorea wenyewe.

Yaacha ya kuwa walitawaliwa na Japani tangu mwaka 1910 hata 1945, na ya kuwa katika miaka ya mwisho lugha yao iliondolewa shuleni, na watu wakalazimishwa kujiandikisha kwa majina ya Kijapani. Yaacha vita ya mwaka 1950 hata 1953, ambayo yakadiriwa iliua zaidi ya watu milioni mbili, na ambayo haijafungwa kwa mkataba wa amani hata leo, bali kwa mapatano ya kusimamisha mapigano tu. Yaacha fedha nyingi za Marekani, zilizotolewa kwa sababu za vita kuliko za huruma. Yaacha ya kuwa mashamba ya mabwana wakubwa yaligawiwa wakulima kwa sheria ya mwaka 1949, jambo ambalo watu wa Hanang wangependa kulisikia kwa urefu zaidi. Yaacha ya kuwa mwaka ule ule wa 1961, mwezi Mei, jenerali mmoja, Park Chung-hee, alitwaa serikali kwa bunduki, akatawala hata alipouawa mwaka 1979. Yaacha wauguzi zaidi ya 10,000 na wachimba makaa ya mawe karibu 8,000 waliopelekwa Ujerumani ya Magharibi tangu miaka ya 1960, wakawaosha wagonjwa wa watu wengine na kupeleka mshahara nyumbani.

Tena yamwacha mtu mmoja ambaye twataka kukaa naye kidogo, maana tangu tuliposoma habari zake hatuwezi tena kusikiliza sifa za Wakorea kwa moyo mtulivu. Jina lake Jeon Tae-il. Alikuwa fundi wa kukata nguo katika soko la Pyeonghwa mjini Seoul. Vyumba vya washonaji vilikuwa vimegawanywa kwa dari la katikati, hata mtu mzima hakuweza kusimama wima. Washonaji wengi walikuwa wasichana, wengine hawajatimiza miaka kumi na mitano, waliofanya kazi tangu asubuhi hata usiku, wakaugua mapafu kwa vumbi la nguo. Jeon aligundua ya kuwa nchi yake ilikuwa na sheria ya kazi iliyokataza mambo hayo yote. Akainunua, akaisoma kwa shida, akawapelekea wakubwa maombi, akahesabu na kuandika saa za kazi za wasichana wale. Hakusikilizwa. Tarehe 13 Novemba 1970, akiwa na umri wa miaka 22, alijimwagia mafuta akajiwasha moto mbele ya soko, akipiga kelele ya kuwa wafanyakazi si mashine. Hatusemi alifanya vema kujiua. Hukumu hiyo twamwachia Mungu aliyeyaona mapafu ya wale wasichana. Mama yake, Lee So-sun, aliahidi kuiendeleza kazi ya mwanawe, akawatetea wafanyakazi hata alipofariki mwaka 2011.

Sasa mtu asimamapo mbele ya vijana wetu na kusema, "Wakorea walitajirika kwa kuwa walifanya kazi bila kunung'unika," amemfanya nini Jeon Tae-il? Amemshuhudia uongo. Amemnyang'anya manung'uniko yake, ambayo aliyanunua kwa bei kubwa, akawapa sifa wale waliomziba kinywa. Tena amewashuhudia uongo baba zetu, kana kwamba walikaa chini ya mti tangu mwaka 1961. Yeyote aliyepata kuona mama wa Basotu akiteka maji ziwani kabla ya jua kuchomoza, kisha akalima, kisha akakamua, hawezi kusema ya kuwa tulichokosa ni kazi.

Hapa msomaji mwenye Katekisimo Ndogo mkononi atatupinga, na ni haki yake. Atasema: Martin Luther alipoeleza amri ya nane hakukataza uongo tu, alitufundisha kumtetea jirani, kumnenea mema, na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Basi kuna ubaya gani kuwasifu Wakorea? Yule kijana wa sinema aliitii Katekisimo kuliko yule mzee wa rehani.

Tumelifikiri jambo hilo siku nyingi. Twaona hivi: kumnenea mtu mema ni kumnenea yeye. Kijana hakuwanenea Wakorea. Alinena juu ya sinema, ambayo ilitungwa ili kuuzwa, tena alinena ili kuwaaibisha wenzake. Mkorea alikuwa fimbo tu mkononi mwake. Amri yatutaka tumtetee jirani pale asipokuwapo kujitetea. Je, Mkorea akisikia sifa zetu angesema, "Naam, ndimi huyo"? Twadhani msichana wa Seoul angecheka, labda kwa uchungu. Mwaka 2023 hesabu ya watoto ilishuka huko hata kufika 0.72 kwa mwanamke mmoja, chini kuliko nchi yoyote duniani. Na vijana wao hutaja bei ya nyumba, na saa za kazi, na mashindano ya shule yasiyokwisha. Hao ndio watu wa mapenzi yasiyo na shida. Sifa isiyo na mtu ndani yake ni nyumba nzuri iliyojengwa juu ya kaburi.

Wala kutoka kwa wamisionari hatukosi mfano. Mwaka 1832 Karl Gützlaff, mtu wa Pomerania, mmoja wa wamisionari Waprotestanti wa kwanza kufika pwani ya Korea, alikaa huko majuma machache. Aligawa vitabu vya Kichina, akapanda viazi, akajaribu kuandika Sala ya Bwana kwa herufi za Kikorea. Mwenyeji mmoja alikubali kumwandikia herufi zile, lakini alipokwisha kuandika akamwonyesha kwa ishara ya shingo ya kuwa wakubwa wake wakijua atakatwa kichwa. Gützlaff alipata alichokitaka, akaondoka na karatasi yake. Kwa mamia ya wasomaji wa Ulaya habari ile ilikuwa habari ya herufi nzuri za nchi iliyofichika. Kwa yule mwandishi ilikuwa habari ya shingo. Twamsifu Gützlaff kwa jambo moja, ya kuwa aliiandika ishara ile pia, hakuiacha.

Sasa neno la mzee wa rehani. Mwezi Juni 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Korea kwa mkutano wa nchi ile na nchi za Afrika. Ikatangazwa ya kuwa Tanzania itaweza kukopa hata dola bilioni 2.5 kwa miaka mitano kwa masharti nafuu. Safari ile ile zilitiwa sahihi hati za kushirikiana katika mambo ya bahari na ya madini. Watu wakaziunganisha hati na mkopo, na kabla ya siku tatu bahari ilikuwa imekwisha kuwekwa rehani katika kila simu ya mkononi. Serikali ikakana. Hatumlaumu mzee kwa kuogopa deni. Deni ni deni, na raia ana haki ya kuuliza litalipwa na nani na kwa nini. Bali kuuliza ni jambo moja na kushuhudia ni jambo jingine. Tena mzee huyu amewahi kuona hati zikitiwa sahihi mbali na mbuga kugeuka shamba la watu wengine. Aliitazama Korea kwa jicho lililojeruhiwa hapa. Hilo nalo yafaa tulikumbuke kabla ya kumcheka.

Kuna tarehe moja ambayo watu wa Hanang hawawezi kuisahau. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang ulishusha maji, matope na mawe juu ya Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Picha za matope zilikwenda dunia nzima kwa juma moja, kisha dunia ikatazama kwingine, nasi tukabaki tukizika. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, tulipokuwa tukiwakumbuka wafu wetu, Rais Yoon Suk Yeol wa Korea ya Kusini alitangaza usiku utawala wa kijeshi. Askari wakafika bungeni. Wabunge wengine wakaruka ukuta ili waingie, na 190 waliofika wakapiga kura ya kuukataa, na kabla ya mapambazuko amri ile ikaondolewa. Mahakama yao ya Katiba ikamwondoa madarakani tarehe 4 Aprili 2025. Kijana wetu aliposikia alisema, "Hata wao?" Alisikitika kama mtu aliyevunjiwa chombo. Lakini sisi tulifurahi kidogo, Mungu atusamehe, si kwa shida yao, bali kwa kuwa hatimaye kijana alikuwa ameona watu: wenye hofu, wenye hasira, wazee kwa vijana waliotoka vitandani mwao wakasimama barabarani katika baridi kwa sababu waliikumbuka Mei ya mwaka 1980, wakati jeshi lilipowaua raia wa mji wa Gwangju. Katika sinema hawakumwonyesha hilo. Au labda walimwonyesha, naye hakujua alichokuwa akikitazama.

Mambo haya yote tuliyasoma mbele ya kikundi kile kile kilichobishana, tukiwa tumeketi si mbali na ziwa. Vijana walisikiliza habari ya Jeon Tae-il kimya. Kisha tukaeleza habari ya makaburi, ambayo tulikuwa hatukukusudia kuitaja ila kwa kifupi. Wakorea, katika sikukuu yao ya mavuno, huenda makaburini pa wazazi, hukata majani, hupanga chakula, humwaga pombe, huinama. (Katika jambo la pombe ile Wakristo wao wamebishana kama Wakristo wetu walivyobishana juu ya pombe ya asali ya Barabaig, hatutalifungua hapa.) Lakini wale waliokimbia kutoka Kaskazini wakati wa vita hawawezi kwenda, maana mpaka umefungwa tangu mwaka 1953. Zaidi ya watu 130,000 huko Kusini walijiandikisha kutafuta ndugu waliobaki upande wa pili, na wengi wao wamekwisha kufa. Mara chache serikali mbili zimekubaliana watu wachache waonane kwa siku chache. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi Agosti 2018. Wengine huenda mahali paitwapo Imjingak, karibu na mpaka, ambapo pamejengwa madhabahu inayoelekea Kaskazini. Wazee husimama pale, hugeukia milima wasiyoweza kuifikia, na kuinama kuelekea makaburi ambayo hawajayaona kwa miaka sabini.

Yule mzee wa rehani alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, tukadhani amelala. Wengi wetu twajua ya kuwa kaburi la babu yake lilikuwa katika mbuga, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa akisimama nje ya ngano na kutazama mahali alipodhani ndipo. Akainua kichwa, akamgeukia kijana wa sinema, akamwambia, "Mjukuu wangu, wewe ndiwe uliyewaona. Hao majirani waliobaki upande ule, huyakata majani ya makaburi ya hao waliokimbia, au waliyalima?"

Kijana alifikiri kitambo. Hakuwa na jibu, wala hakulitunga.